Kipande cha Wimbo Alichokificha Shemeji

Ukitaka kumjua mtu wa mtaa wetu, usimwombe kitambulisho. Mpigie wimbo wa lifti, mwache acheze. Mahali fulani katikati, bila sababu yoyote, ataruka. Si kuruka kwa madaha. Ni kuruka kama mtu aliyekanyaga msumari, kisha anaendelea na dansi yake kama vile hakuna kilichotokea. Mimi niliwahi kumtambua jirani wa zamani namna hiyo, kwenye harusi ya watu wa mbali, ukumbi umejaa watu mia tano, nimemwona mgongo tu. Akaruka, nami nikaruka, tukakumbatiana huku tunalia. Mke wangu anasema watu walikuwa hamsini na yule bwana aliteleza. Mke wangu hapendi hadithi ipumue.

Mruko huo ulitoka chumbani kwangu. Nilikuwa mwendesha mashine ya filamu kwenye sinema ya mtaa, chumba kidogo juu ya vichwa vya watazamaji, joto lake la kuokea mkate, kidirisha kimoja cha kuchungulia. Filamu yenyewe ilikuwa ya dansi. Msichana muuza kofia na kijana mwendesha lifti wanapendana, wanaingia mashindano, wanashindwa, halafu wanacheza peke yao juu ya paa la jengo. Hiyo ndiyo hadithi yote, ukiondoa kofia. Lakini nyimbo! Filamu ilitengenezwa baadaye sana, ila mambo yake yalikuwa ya mwanzoni mwa miaka ya sitini, na nyimbo zake zote zilikuwa za wakati ule: gita linalotetemeka kama mtu aliyetoka kuoga maji baridi, saksafoni yenye mafua, waimbaji watatu nyuma wakiitikia "uu-uu" kila mwenzao anapolalamika.

Sisi miaka hiyo tulikuwa watoto wa kaptula. Nyimbo zile tulizisikia kupitia ukutani, kaka zetu wakipaka nywele mafuta tayari kutoka, nasi tukiambiwa tukalale. Kwa hiyo filamu ilipofika, tukiwa watu wazima wenye vitambi na kodi za nyumba, tuliikimbilia kama mali yetu iliyoibwa. Watu walilia pale chini, nikiwaona kwa kidirisha. Waliulilia ujana ambao hata haukuwa wao. Mimi pia nililia, lakini mimi nilikuwa na kisingizio cha moshi wa mashine.

Utepe ulitufikia umechoka, umeshapita sinema nyingi kabla yetu. Wiki ya kwanza tu, katikati ya wimbo wa mwisho, ule wa juu ya paa tuliouita wimbo wa lifti, mashine ikaumeza utepe. Nimeshasimulia kwamba kile kipande kililiwa na mbuzi wa Meneja wa sinema. Nimeshasimulia pia kwamba bibi mmoja tajiri alikinunua akakishonea mkoba. Ukweli hauna ladha: kilitafunwa na meno ya mashine kikatoka kimekunjamana, nikakikata, nikaunga ncha mbili kwa gundi, onyesho likaendelea. Tangu siku hiyo, kijana wa lifti alikuwa kushoto mwa paa, mara hop, yuko kulia. Na wimbo nao ukaruka naye.

Vijana walikuja na redio kaseti zao, wakazificha chini ya viti, wakarekodi. Kaseti zikazaa kaseti. Bendi ya ukumbi wetu wa dansi ikajifunza wimbo kutoka kwenye kaseti, ikajifunza na mruko. Na wachezaji, kwa kuwa mguu haupendi kuachwa nyuma, wakaanza kuruka.

Sasa huyu Seremala, rafiki yangu, alikuwa mrukaji mkuu. Mrefu, mikono kama makasia, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi hata siku ya sikukuu. Jioni moja ukumbini akamchukua msichana mgeni, amehamia kwa shangazi yake hapo mtaani, wakaanza kucheza wimbo wa lifti. Kilipofika kile kipande, ukumbi mzima ukaruka, msichana hakuruka. Seremala akatua juu ya kidole chake cha mguu.

"Mama yangu!" yule msichana akapiga kelele. "Mbona mnaruka kama vyura?"

"Wimbo unaruka," Seremala akasema.

"Wimbo hauruki. Nimeiona hiyo filamu kwetu, nzima. Hapo mwanamke anaimba peke yake."

"Mwanamke gani? Anaimba nini?"

Msichana akakitazama kidole chake, akamtazama Seremala kuanzia viatu hadi nyusi. "Nioe, nitakuimbia."

Nilikuwa nimesimama pembeni na chupa ya soda, nilisikia kwa masikio yangu, na hii siongezi chumvi. Akamwoa. Hakumwimbia.

Huyo ndiye Shemeji. Usiku wa harusi alisema koo limekauka. Baadaye akasema, "Nitakuimbia siku utakayonimalizia kabati langu." Seremala akafanya ile kazi kwa wiki nzima, kabati likasimama, milango inafungwa kama ya benki. Shemeji akalizunguka, akapapasa droo. "Limependeza. Lakini hapa pamekwaruzwa." Ikawa siku binti yao akianza kutembea. Ikawa siku binti akimaliza shule. Ukawa mchezo wao, na sisi wote tuliujua. Ukifika nyumbani kwao ukamkuta Seremala anaosha vyombo, unajua leo ameahidiwa tena.

"Bwana, mke wangu ananipeleka kama punda na karoti," aliniambia siku moja, anacheka huku anapiga randa.

"Basi kataa kwenda."

"Nikatae? Wewe, ile karoti imenenepa sasa. Nikiipata ntapata kazi gani tena?"

Miaka ikaenda hivyo. Kisha Shemeji akaugua, ugonjwa wa haraka, wa kuingia hospitali kwa miguu na kesho yake hainuki. Wodini Seremala alikaa kwenye kistuli, magoti yamegusa kidevu. Akamwomba amwimbie. Hakuomba kwa mzaha safari hii. Binti yao alikuwepo, yeye ndiye aliyenisimulia. Shemeji akatikisa kichwa kwenye mto, akatabasamu.

"Ukinitoa hapa," akasema.

Hakumtoa.

Baada ya mazishi, rafiki yangu hakuzungumzia kitu kingine. Watu wengine wakifiwa hutaka picha, hutaka kanga aliyoivaa marehemu. Yeye alitaka kile kipande cha wimbo. Alikuwa na hoja yake, na ukimsikiliza huoni pa kuipinga: kila kitu kingine mke wake alimpa akakitumia kikaisha, lakini hiki bado hajapewa. Kipo mahali. Akikisikia, atakuwa amesikia kitu kipya kutoka kwa mke wake, mara moja tu zaidi. "Sidai mengi," alisema. "Wafu wa wenzangu hawana hata neno moja jipya. Wangu analo."

Na alikuwa na haraka. Msumeno wa mashine ulikuwa umemla masikio. Miaka yote ile karakanani kuna mngurumo wa kutoboa ukuta, yeye anajiziba kwa pamba akikumbuka, na hakumbuki. Kwanza zikaondoka sauti nyembamba: ndege, filimbi, kengele ya baiskeli. Kisha sauti za wanawake. Daktari alimwambia zilizobaki nazo zitaondoka, na hazitaaga.

Utauliza, si angetafuta tu wimbo? Hapo ndipo ujanja wetu wa mtaani ulipotumaliza. Meneja wa sinema alikuwa na tabia ya kuzibatiza filamu. Jina la asili likimshinda kulitamka, au likizidi urefu wa ubao, analifuta na kuandika lake. Hii aliiita "Moto wa Viatu." Mtaa mzima uliijua kwa jina hilo. Meneja alishakufa, mabango yalishafungiwa vitumbua, na mimi mwenyewe, niliyekuwa nikilifungua lile kopo la utepe kila siku, jina lililoandikwa juu ya kifuniko sikuwahi kulisoma hadi mwisho. Lilikuwa la lugha ya watu na lilikuwa refu. Duniani kote hakuna filamu iitwayo Moto wa Viatu. Binti alitafuta kila mahali.

Huyu binti ni mwalimu wa hesabu. Mtoto mzuri, ana macho ya mama yake, lakini ukimwambia watu walikuwa kama mia anakuuliza walikuwa wangapi. Ananiita baba mdogo, na ananipenda kwa namna ya mtu anayependa redio mbovu. Siku moja akaniambia simu za siku hizi ukiziimbia zinautambua wimbo. Nikaimba, nikavuta pumzi nikatoa na saksafoni ya mafua. Simu ikafikiri, ikasema haijui.

"Baba mdogo, umeruka."

"Nimeruka wapi?"

"Katikati. Imba bila kuruka."

Nikajaribu. Nikaruka. Akajaribu yeye, akaruka. Hatujui kuuimba namna nyingine! Tulikaa jikoni kwao tunaruka kama wagonjwa, simu inasema haijui, na baba yake sebuleni anapiga kelele, "Mnasemaje? Eh? Mnasemaje?"

Redio iliwahi kuupiga mara moja, kabla masikio hayajafika mwisho. Seremala aliziba redio kwa mwili wake, sikio limegandana na kitambaa cha spika. Wimbo ukafika pale. Na pale pale mtangazaji akaamua kusoma salamu: fulani anamsalimu fulani, ujumbe wake ni tuonane panapo majaliwa. Alipomaliza, wimbo ulikuwa umeshapita, wala jina lake hakulitaja. Sijawahi kumwona mtu mzima akiitukana redio kwa heshima namna ile. Aliiita "wewe bwana."

Mwaka huo masikio yalimalizika. Kifaa cha kusikia alichonunuliwa kilimpa mluzi tu. Akakivua akakiweka kwenye droo ya lile kabati. Akajifunza kusoma midomo. Alimsoma binti yake vizuri, alimsoma muuza duka, alimsoma hata mke wangu, jambo ambalo mimi mwenye masikio limenishinda. Ila mimi hakuweza kunisoma. Nina masharubu, au niseme nilikuwa nayo: mazito, yameshuka hadi mdomo wa chini, ndiyo jina langu mtaani, Masharubu. "Kwako naona brashi tu inacheza," aliniambia. Kwa hiyo nilikuwa nakwenda kila siku, nakaa, namsimulia uongo wangu wote, naye ananitazama brashi ikicheza na kucheka pale anapokisia panachekesha. Mara nyingi alikosea. Nami niliendelea.

Halafu binti akaenda kununua viatu.

Duka la viatu lina muziki wake wa kuwatuliza wateja wasione bei. Alikuwa amejaribu kiatu kimoja tu, wimbo wa lifti ukaanza. Alikimbia hadi katikati ya duka na kiatu kimoja cha duka na kimoja chake, muuzaji nyuma yake anaita mwizi, akainua simu hadi kwenye spika ya darini. Simu ikaujua. Jina refu, la lugha ya watu. Hata sasa siwezi kulitamka.

Hakwenda kwa baba yake. Alikuja kwangu. Nilikuwa nyuma ya nyumba namwagilia mboga. Akasimama pale na simu mkononi, nikajua.

"Umeupata."

"Nimeupata. Nimesikiliza wa rekodi, nimetafuta na filamu yenyewe nimeitazama." Akanipa simu. "Sikiliza mwenyewe."

Nikaiweka sikioni. Gita likatetemeka. Nikawa kwenye chumba changu cha joto, nikawa na miaka thelathini na kitu, chini yangu vichwa vyote vile, vingi vikiwa sasa chini ya udongo. Uu-uu, wakasema wale watatu. Nikakikaribia kile kipande, mguu wangu ukajiinua wenyewe kwenye matope, tayari kuruka. Na wimbo haukuruka. Ukaendelea. Gita likapiga kile kile lilichopiga mwanzo. Makofi. Saksafoni ikakohoa mara mbili. Kisha ubeti tunaoujua ukarudi.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Gita, makofi, saksafoni.

"Mwanamke yuko wapi?"

"Hayupo, baba mdogo. Hakuna anayeimba hapo. Hata kwenye filamu, wanazunguka tu."

Nikaketi kwenye ukingo wa tuta. Huenda Shemeji hakuwahi hata kuiona hiyo filamu. Alikanyagwa kidole, akatunga neno papo hapo, akapata mume. Mimi na mbuzi wangu wa Meneja, mimi na bibi yangu wa mkoba, nimetunga maelfu ya uongo na hakuna uliomaliza wiki. Yeye alitunga mmoja, mfupi, ukajenga kabati, ukaosha vyombo, ukalea mtoto, na sasa ulikuwa ndio kitu pekee kinachomwamsha yule mzee asubuhi. Ningekuwa na kofia ningeivua.

"Tutamwambia," binti akasema.

"Tumwambie nini? Kwamba karoti haikuwepo?"

"Ndiyo ukweli."

"Mwanangu, hebu nisikilize. Yeye hasikii. Tutaufungulia wimbo, ataweka mikono yake kwenye spika, atausikia mtetemo. Ukifika pale mimi nitamwambia maneno. Nitatunga kitu kizuri, kitu cha Shemeji."

"Hawezi kukusoma."

"Nitanyoa."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aje. Alijua uzito wake. Hata kwenye picha yangu ya harusi masharubu yapo, yametangulia mbele ya bibi harusi.

"Mimi sitasema uongo, baba mdogo."

"Sijakuomba useme. Kaa kimya tu."

"Na akiniuliza?"

"Hatakuuliza. Atakuwa ananitazama mimi."

Nikanyoa asubuhi ya Jumapili. Mke wangu alipoingia bafuni akarudi nyuma. "Samahani, kaka," akasema, "nilidhani mume wangu yuko humu." Halafu akaniona macho, akaacha mzaha, akanipangusa povu kwenye sikio.

Sebuleni kwa Seremala kuna kasha refu la mbao lililosimama ukutani. Sinema ilipofungwa yeye alichukua ile spika ya nyuma ya pazia akaitengenezea kasha, kazi ya ufundi, hakuna msumari hata mmoja. Kwa hiyo wimbo ungetoka kwenye koo lile lile. Binti akaunganisha waya. Seremala alikuwa amevaa shati jeupe, nywele zimelowa, kama kaka zetu. Tulikuwa tumemwambia wimbo umepatikana.

Aliponiona alinisogelea, akaugusa mdomo wangu wa juu kwa kidole gumba, kama anavyokagua ubao uliopigwa msasa.

"Umefanya hivi kwa ajili yangu?" Sauti yake siku hizo ilikuwa kubwa na bapa, ya mtu asiyejisikia akisema.

"Ilikuwa inawasha," nikasema.

Akacheka hadi akakohoa. "Nimekusoma! Mungu wangu, nimekusoma! Na neno lako la kwanza ni uongo!"

Akapiga magoti mbele ya kasha. Akaweka viganja viwili kwenye kitambaa, akaegemeza na paji la uso. Binti akafungulia. Akaongeza sauti hadi vikombe vikaanza kusogea mezani. Nilimwona mgongo wake ukiupokea. Bega likaanza, kisha shingo. Alikuwa anaujua mtetemo ule kama mlango wake. Akahesabu kwa kidole, wakati gani uu-uu, wakati gani ubeti. Pale panapokaribia akainua kichwa akanigeukia, viganja vikabaki.

"Sasa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Gita, makofi, saksafoni. Nikafungua mdomo wangu ulio uchi nikasema, polepole, nikitamka kila herufi: "Anasema, nimeufungua mlango, taa haijazimwa, njoo taratibu, mimi bado niko hapa."

Nilikuwa nimeyaandaa wiki nzima. Hata mimi yalinigusa.

Uso wake ulifunguka. Sitausahau, ulikuwa uso wa mwenye duka anayeinua shata asubuhi. Midomo yake ikafuata yangu: mlango, taa, taratibu. Kisha akasema, "Rudisha. Nataka tena."

Binti akarudisha. Hakunitazama. Wimbo ukafika pale, nami nikasema tena. Lakini mwongo ana ugonjwa wake, hawezi kusema kitu kimoja mara mbili bila kukiboresha. Nikasema, "Nimeufungua mlango, taa haijazimwa, mvua imekatika, njoo taratibu, mimi bado niko hapa."

Akakunja nyusi.

"Mara ya kwanza hapakuwa na mvua."

"Ilikuwepo. Hukuiona."

"Haikuwepo." Alinitazama mdomo muda mrefu, kisha macho. "Nimekusikiliza tangu tukiwa wavulana. Unadhani masikio ndiyo yaliyokuwa yanakujua?"

"Bwana wee, nakwambia anaimba..."

Akaninyamazisha kwa kiganja, akanifunika mdomo mzima. Kiganja kilikuwa bado kina joto la spika. Akamgeukia binti yake.

"Wewe mwalimu. Mama yako anaimba nini?"

Alisema mama yako. Binti alikuwa amesimama na simu mkononi, na wimbo umekwisha, na simu kwa tabia zake imeingia yenyewe kwenye tangazo la sabuni ya unga, mwanamke anacheka ndani ya lile kasha la spika kwa furaha ya mashuka meupe. Nilimtazama binti. Nilimwomba kwa macho. Niliwahi kuomba vitu vingi maishani, vingine vya kijinga, lakini sijawahi kuomba vile.

"Hakuna kitu, baba," akasema. Machozi yanashuka lakini midomo aliitamkisha vizuri, kama darasani. "Ni vyombo tu. Hakuna anayeimba."

"Hakuna?"

"Hakuna. Hakukuwahi kuwa na kitu."

Akakaa chini sakafuni. Alidhani bado ni wimbo unaotetemesha kasha, akalipapasa kidogo ubavuni, kama mtu anayemtuliza mbuzi. Nikamwambia binti azime, akazima.

Nilidhani atakasirika. Ningependa angekasirika. Alisema tu, kwa ile sauti yake bapa, "Angeniambia. Wodini pale, angeniambia. Mimi ningecheka." Akafikiri. "Basi alikuwa hana chochote cha kunipa, ndiyo maana alitabasamu."

"Sivyo," nikasema. "Alikuwa..."

Lakini hakuwa ananitazama.

Siku ya pili nilimkuta amegeuza kiti. Zamani kilitazama mlango, aone midomo ya wanaoingia. Sasa kinatazama kasha, na waya wa kasha umechomolewa ukazungushwa vizuri, kama kazi iliyokwisha. Karakana aliiacha hapo hapo. Kuna meza ya mteja mle hadi leo, ina miguu mitatu. Anakula akipewa. Binti anapompitia mbele ili amsome, anafumba macho. Anafumba taratibu, bila ubaya, kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Binti aliniuliza mara moja kama alikosea. Nikamwambia hapana. Sijui kama aliniamini, historia yangu anaijua.

Bado nakwenda kila siku. Nakaa nyuma yake, naongea na mgongo. Jana nilimsimulia jinsi mbuzi wa Meneja alivyokula kile kipande akaanza kucheza dansi uani, akazunguka, akafika mahali fulani akaruka. Nilisimulia vizuri, naapa, haijawahi kutoka vizuri namna ile. Niliweka na makofi na saksafoni.

Masharubu yameota tena. Nimeyaacha.